Wauguzi, someni jedwali la NHS kabla ya kutia sahihi

Mhariri,

Kila habari za wauguzi wetu kwenda Uingereza zinapochapishwa, mjadala huwa ni ule ule. Mshahara unageuzwa kuwa shilingi, watu wanashtuka kwa ukubwa wake, kisha upande mmoja unawalaumu wanaoondoka na mwingine unawapongeza. Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, na bado ni nadra msomaji kuelezwa kazi yenyewe inalipaje, inakata nini, na mtu hupotezea wapi haki yake. Naomba nafasi niyaeleze hayo, kwa sababu wanaoumia wengi hawaumii kwa kukosa bidii. Wanaumia kwa kutosoma.

Kwanza, mwajiri wako si "NHS", yaani Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza. Huduma hiyo ilianzishwa tarehe 5 Julai 1948, na ukifika England utakuta imegawanyika katika mashirika ya hospitali yanayoitwa trasti, ambayo ni zaidi ya 200. Scotland na Wales zina bodi zao. Mkataba, rota, nyumba ya wiki za mwanzo na masharti ya kurudisha gharama ukiondoka mapema ni mambo ya trasti. Lakini mshahara, likizo, malipo ya ugonjwa na uzazi hutoka katika jedwali moja la taifa, Agenda for Change, lililoanza 2004 na linalowahusu karibu wafanyakazi wote isipokuwa madaktari na wakuu wa juu kabisa. Ukishaelewa mstari huo unajua la kujadiliana nalo na lisilojadilika. Msimamizi wa wodi hawezi kukupunguzia likizo hata akichukia, na hawezi kukuongezea mshahara hata akikupenda.

Kazi zote hupimwa kwa vigezo 16 na kuwekwa kwenye bendi, yaani madaraja ya mshahara. Muuguzi aliyesajiliwa huanzia bendi ya 5. Kwa England mwaka wa 2025/26 bendi hiyo huanza pauni 31,049 kwa mwaka, hupanda hadi 33,487 baada ya miaka 2, na 37,796 baada ya miaka 4. Aliyesomea Kisii na aliyesomea Leeds, wakiwa ngazi moja, mshahara wao wa msingi ni ule ule. Hili si jambo dogo kwa mtu aliyezoea kuona wenzake wa kaunti jirani wakilipwa tofauti kwa kazi hiyo hiyo.

Sasa tukate. Gawa 31,049 kwa miezi 12, unapata kama pauni 2,587. Pensheni inachukua asilimia 8.3, yaani 215 hivi. Kodi ya mapato ni asilimia 20 ya kinachozidi 12,570 kwa mwaka, na huhesabiwa baada ya pensheni kutolewa: kama 265. Bima ya taifa ni asilimia 8 ya kinachozidi kiwango hicho hicho: kama 123. Kinachobaki ni takriban pauni 1,980, na kodi ya nyumba, nauli, umeme na gesi bado havijaguswa. Anayeajiriwa ndani ya London huongezewa asilimia 20 ya mshahara wa msingi na wa pembezoni asilimia 15, kwa viwango vyenye kima cha chini na cha juu, lakini pango la London huimeza nyongeza hiyo na kudai zaidi. Kwa anayetaka kujenga nyumbani, hospitali ya mji wa kati kama Leicester au Hull mara nyingi humwachia akiba kubwa kuliko London.

Kosa la kwanza hutokea kabla ya kupanda ndege. Miaka uliyofanya kazi Kenya haihesabiwi yenyewe. Kanuni humpa mwajiri hiari ya kuihesabu kazi ya nje ya NHS inayohusiana na unayoajiriwa kufanya, na hiari hiyo hutumika kwa anayeomba. Muuguzi wa miaka 9 asiyeuliza huwekwa ngazi ya chini kabisa na kungoja miaka 4 kufika juu. Omba kwa barua pepe kabla ya kutia sahihi, ambatisha barua za waajiri wako wa zamani zenye tarehe kamili, na udai jibu la maandishi. Ukishatia sahihi, mlango huo ni mgumu kufunguka tena.

Kuna pia miezi ya kungojea usajili. Unafika bila namba ya NMC, baraza linalosajili wauguzi wa Uingereza, na trasti nyingi hukulipa bendi ya 4 au ya 3 hadi uipate. Una wiki 12 tangu uanze kazi kuufanya mtihani wa vitendo, OSCE, na miezi 8 kuwa umesajiliwa. Mtihani huo una vituo 10, na ombi moja hukupa majaribio 3. Wauguzi wenye uzoefu mkubwa huanguka kwa mambo madogo. Mtu hakuthibitisha jina, tarehe ya kuzaliwa na mzio wa dawa kwa mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Mwingine hakunawa mikono katika hatua iliyotakiwa, au alifanya sahihi kabisa lakini kimya, na mtahini hana alama ya kumpa kwa alichokiwaza moyoni. Zoea kusema kwa sauti kila unachofanya na sababu yake. Uliza pia trasti italipia majaribio mangapi.

Kuhusu masharti ya kurudisha gharama: mikataba mingi husema ukiacha kazi kabla ya muda fulani utarudisha fedha za viza, tiketi na mitihani. Mwongozo wa serikali ya Uingereza unataka gharama hizo ziwe wazi, za kiasi, na zipungue kadiri unavyoendelea kufanya kazi. Kwa hiyo dai orodha, kila kitu na bei yake, na uone deni linavyoshuka mwezi kwa mwezi. Mkataba unaotaja jumla moja bila mchanganuo usitiwe sahihi kwanza. Wakala akikuomba ada ya kukutafutia kazi, huyo amevunja mwongozo huo huo. Kenya imewekwa katika kundi ambalo uajiri wake hufanyika kwa utaratibu wa serikali hizo mbili tu, ingawa mtu binafsi anaruhusiwa kuomba moja kwa moja kwa trasti.

Nije kwenye zamu, maana hapo ndipo hesabu huwachanganya wengi. Wiki ya kazi ni saa 37.5. Zamu ndefu huwa ya saa 12.5, lakini saa 1 ni ya mapumziko yasiyolipwa, kwa hiyo unalipwa 11.5. Wiki 4 ni saa 150, na zamu 13 ni saa 149.5. Nusu saa inayobaki ni deni, na katika mwaka inafika saa 6.5. Ndiyo maana siku moja utaona kwenye rota zamu fupi usiyoielewa, au mafunzo ya siku ya mapumziko. Lililo zito zaidi ni ile saa ya mapumziko. Usipoiandika kwamba hukupumzika, kompyuta inachukulia umepumzika. Anayekula amesimama kila zamu huku akiitikia kengele za wagonjwa anatoa saa 13 za bure kila wiki 4. Mwambie kiongozi wa zamu palepale, si kesho, na uhakikishe imeingia kwenye rota ya kielektroniki.

Usiku wa siku za kazi na Jumamosi yote huongezewa asilimia 30 kwa bendi ya 5, Jumapili na sikukuu asilimia 60. Saa moja ya kawaida ni kama pauni 15.88, kwa hiyo ya usiku ni kama 20.64 na ya Jumapili 25.41. Muda unaohesabiwa usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 alfajiri, lakini kuna kanuni wengi hawaijui: zaidi ya nusu ya zamu ya usiku ikiangukia muda huo, nyongeza inalipwa kwa zamu nzima. Zamu ya saa 1 na nusu jioni hadi saa 2 asubuhi inalipwa yote kwa kiwango cha usiku. Ukiona umelipwa hadi saa 12 alfajiri tu, hilo ni kosa la kudai.

Likizo nayo. Mwaka wa kwanza unapewa siku 27 pamoja na sikukuu 8. Mtu anasikia siku 35 na kudhani anaweza kuombea likizo zamu 35. Likizo hiyo huhesabiwa kwa saa: siku 35 mara 7.5 ni saa 262.5. Kila zamu unayoiombea likizo hula saa 11.5, kwa hiyo unazo zamu 22 na ushee. Ukilifahamu hilo mapema utapanga vizuri, na kwa kweli bado ni likizo nzuri. Hupanda hadi siku 29 baada ya miaka 5 na 33 baada ya miaka 10, bila kuhesabu sikukuu. Malipo ya wakati wa likizo hufuata wastani wa miezi 3 iliyotangulia, pamoja na nyongeza za usiku, kwa hiyo anayefanya usiku mwingi haporomoki kipato akipumzika. Trasti nyingi hutaka kibali maalumu kwa likizo inayozidi wiki 2 mfululizo. Omba ya Desemba mapema sana, mwaka unapoanza, maana wodi nzima inaitaka.

Faida ambayo watu hawaitangazi ni malipo ya ugonjwa. Mwaka wa kwanza unalipwa mshahara kamili kwa mwezi 1 na nusu mshahara kwa miezi 2. Mwaka wa pili miezi 2 na 2, wa tatu 4 na 4, wa nne na wa tano 5 na 5, na baada ya miaka 5 ni miezi 6 kamili na 6 nusu. Mgongo ukikushika kwa kuinua wagonjwa, hili ndilo linalolipa pango. Mjamzito aliyetimiza miezi 12 ya utumishi ifikapo wiki ya 11 kabla ya wiki ya kujifungua anapata wiki 8 za mshahara kamili, malipo ya kisheria yakiwa ndani yake, kisha 18 za nusu mshahara juu ya malipo ya kisheria, na anaweza kukaa nje hadi wiki 52. Sharti ni arudi kazini angalau miezi 3, la sivyo atadaiwa sehemu ya fedha hizo. Na utumishi wako unakufuata: ukihama kutoka trasti moja kwenda nyingine, miaka ya likizo na ya malipo ya ugonjwa haianzi upya, mradi katika ugonjwa usiwe umekaa nje ya NHS zaidi ya miezi 12.

Kwenye pensheni nazungumza kwa uchungu, kwa maana naona watu wakijitoa mwezi wa kwanza ili watume pauni 215 zaidi nyumbani. Kwanza hazifiki 215, kwa sababu ukijitoa kodi yako inapanda; kinachoongezeka mfukoni ni kama 172. Pili, mwajiri huweka asilimia 23.7 juu ya mchango wako, na ukijitoa hupewi wewe. Kila mwaka unaofanya kazi hukujengea pensheni ya sehemu 1 ya 54 ya mshahara wa mwaka huo. Mwaka mmoja wa pauni 31,049 ni pauni 575 za kila mwaka utakapostaafu, na ukiendelea kuwa mwanachama kiasi hicho hupandishwa kwa mfumuko wa bei na asilimia 1.5 juu yake. Ukifa kazini, familia hupewa mkupuo wa mara 2 ya mshahara, na mwenzi wako anaweza kupata pensheni. Ukikaa chini ya miaka 2 unarudishiwa mchango wako tu. Ukivuka miaka 2, haki yako inabaki hata ukirudi Kitale, na utalipwa huko. Tofautisha hii na pensheni ya serikali ya Uingereza, ambayo inahitaji angalau miaka 10 ya michango na ambayo kwa anayeishi Kenya hubaki pale pale ilipoanzia, haipandi kila mwaka. Ya NHS inapanda popote ulipo.

Pesilipu ya kwanza isomwe mstari kwa mstari. Tazama bendi na ngazi, saa 37.5, tarehe ya nyongeza, na namba ya kodi 1257L. Ukikuta BR, 0T, au herufi M1 au W1 mwishoni mwa namba, unakatwa kodi kwa makisio. Pigia mamlaka ya kodi ya Uingereza, si wodi, nayo hurekebisha na fedha hurudi. Ukilipwa zaidi kwa makosa, usile. Trasti itaidai yote.

Hasara za mfumo huu zinatokana na ukubwa ule ule unaoleta faida. Ujuzi wako husimamishwa mlangoni. Muuguzi aliyeweka kanula (mrija mdogo wa mshipani) elfu moja Hospitali ya Kenyatta hataruhusiwa kuweka hata moja, wala kutoa dawa ya mshipa, hadi daftari la umahiri la trasti hiyo litiwe sahihi. Ukihamia trasti nyingine, mara nyingi unaanza upya. Inaudhi, lakini ukiruka hatua hiyo na mgonjwa akadhurika, utakuwa peke yako. Nenda kwa mwalimu wa wodi wiki ya kwanza ya usajili wako, chukua madaftari hayo, na panga tarehe za kusimamiwa. Wanaongoja kuitwa hukaa mwaka mzima wakiomba wenzao wawawekee dawa.

Kupanda cheo hakuji kwa kungoja. Bendi ya 5 hadi ya 6 ni kazi mpya inayotangazwa na kuombwa, na wauguzi wengi waliotoka nje hukaa bendi ya 5 miaka mingi wakidhani bidii itaonekana. Anayechambua maombi ana orodha ya sifa na alama. Jibu kila sifa kwa maneno yake yenyewe, na kwa kila moja toa mfano: hali ilikuwaje, ulifanya nini, matokeo yakawa nini. Barua nzuri ya jumla inayosema wewe ni mchapakazi haipati alama hata moja.

Hospitali zenyewe zimejaa. Lengo la kuwahudumia asilimia 95 ya wagonjwa wa dharura ndani ya saa 4 halijafikiwa England tangu Julai 2015. Kuna majira ya baridi ambapo wagonjwa huhudumiwa kwenye korido, na anayewajibika ni muuguzi aliye kazini, kwa namba yake ya usajili. Zamu ikiwa na wauguzi wachache kuliko inavyostahili, iripoti kwenye mfumo wa matukio kabla hujaondoka, kwa idadi: wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi, kipi hakikufanyika. Maneno "tulikuwa na kazi nyingi" hayamsaidii mtu miezi 6 baadaye.

Ripoti za NHS yenyewe kuhusu usawa wa rangi zimeonyesha mara kwa mara kwamba wafanyakazi wasio Wazungu huingizwa katika hatua za nidhamu zaidi ya wenzao. Jiunge na chama cha wafanyakazi, RCN au UNISON, siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu chama hakibebi shauri lililoanza kabla hujawa mwanachama. Ukiitwa kuandika maelezo, usiandike usiku huo ukiwa umechoka. Omba muda na umwonyeshe mwakilishi.

Na yote haya yanafungwa na viza. Mdhamini wako ni trasti moja. Ajira ikikatika, kwa kawaida una siku 60 kupata mdhamini mwingine, na hata ukihama kwa hiari lazima viza mpya ipatikane kabla ya kuanza. Ukaazi wa kudumu umekuwa ukiombwa baada ya miaka 5. Mei 2025 serikali ya huko ilitangaza nia ya kuurefusha muda wa kawaida hadi miaka 10. Asiwepo anayekopa nyumbani kwa hesabu ya miaka 5.

Mhariri, nimalizie na magavana. Tangu huduma za afya ziende kwa kaunti 47 mwaka wa 2013, tumeona mgomo wa wauguzi wa miezi mitano mwaka wa 2017 na mingine baadaye, na kila mara mazungumzo huwa ya fedha. Fedha ni kweli hazitoshi. Lakini muuguzi anayetaka kuhama Turkana kwenda Nakuru kumfuata mumewe hahitaji bajeti mpya. Anahitaji kaunti mbili zitambue miaka yake ya utumishi, cheo chake na likizo yake bila kumwanzisha upya wala kumzungusha kwa barua za kumwachilia. Jedwali moja la likizo, ugonjwa na utumishi, lililochapishwa mahali ambapo muuguzi wa zahanati anaweza kulisoma kwenye simu yake, linaweza kuandikwa na Baraza la Magavana, Wizara ya Afya na Tume ya Mishahara na Marupurupu wakikaa meza moja na vyama vya wauguzi. Tunaomba waanze na hilo la uhamisho.

Muuguzi Mkenya,
Leicester, Uingereza